Dirisha la Bi Mkubwa

Mwanangu Mwanaidi,

Barua zetu tangu zamani huanza kwa "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Hii sitaweza kuianza hivyo. Wewe najua u mzima kwa sababu nakuona. Nikisimama hapa barazani nakuona umekaa mkekani mbele ya nyumba ya yule wa ng'ambo, kichwa umekilaza pajani mwake, naye anakusuka. Nikikaa niandike sikuoni tena, naona matete tu. Kwa hiyo naandika kidogo, nasimama, nakaa, naandika tena. Asiyekuwa mzima ni mimi. Nina wivu, mwanangu, mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jina lake nalijua, usinikosoe. Ni mke mwenzangu tangu hujazaliwa, wewe unamwita mama mdogo, na kijiji kizima kinamwita kwa jina lake. Mimi namwita wa ng'ambo. Kwa umri huu kalamu yangu haitajifunza jina jipya kwa mchana mmoja.

Leo adhuhuri ulipojitwika begi lako uvuke, uliniambia, "Mama, funga nyumba twende wote tukalale kwa mama mdogo. Mto ukishuka na maji usiku, asubuhi mie nitaagana nawe vipi?" Nikakujibu nina kuku. Ukanitazama, ukasema, "Kuku, mama?" Nikasema ndiyo, kuku, kwani kuku hawaliwi na kicheche? Ukacheka kidogo, ukanipa shikamoo ya pili kwa siku moja, ukanibusu mkono, ukateremka ukingoni. Basi mimi nimebaki na kuku wangu, na yule wa ng'ambo amebaki na wewe.

Kuvuka mapema ulikuwa na haki. Barabara iko upande ule, gari la Tanga linapita alfajiri, na mawingu ya upande wa Handeni yamekuwa meusi tangu asubuhi. Hapa kwetu hata tone halijadondoka, jua linachoma utosi, lakini mto wetu ndivyo ulivyo: mvua inanyesha kwa watu wengine, maji yanakuja kwetu bila hodi. Huu mchanga ulioupita leo na ndara zako huenda kesho ukawa na maji ya kumfika mtu kifuani. Na gari la watu halimngoji mtu.

Mambo ya kula, kuvaa, kuswali na kuwaogopa wanaume wenye maneno matamu umeshaambiwa na kila aliyekuja kukuaga. Shangazi zako wa Makorora wamepiga simu mpaka chaji ikaisha. Na naamini hivi sasa yule wa ng'ambo anakusuka huku anakwambia habari za sweta, maana huko Iringa unakokwenda kusoma kuna baridi. Mwache aseme. Mimi nitakuandikia yale ambayo yeye hawezi kukwambia, kwa kuwa ni yangu.

Nianze na siku ya kuagwa shuleni kwenu. Mgeni rasmi alikuuliza mbele ya wazazi kwa nini unataka kusomea mito, tena mito inayokauka, wakati wenzako wote wanataka udaktari. Ukasimama, hukutetemeka, ukasema, "Mama yangu mdogo alinifundisha kwamba mto wetu haufi. Unalala." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimejifunga leso mpya, nikapiga makofi kuliko wote, kwa sababu aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa ni yeye. Akaniinamia akasema, "Mtoto ametufurahisha, dada." Ametufurahisha! Mimba nimebeba mimi, uchungu nimeuona mimi, furaha tukagawana. Wala mimi si dada yake.

Tangu siku ile nina jambo limenikaa hapa kooni. Mwanangu, mto ule niliujua mimi kabla yake. Niliujua kwa njia mbaya, lakini niliujua.

Baba yako alipotaka kuongeza mke alinijia kwa adabu zote. Alisema upande wa barabara kuna shamba la minazi linahitaji mtu. Nikamwambia, "Shamba linahitaji mkulima. Wewe umeona mchumba." Hakubisha. Akaoa, akamjengea kule, tukawa tunatazamana, mto katikati. Na unajua sehemu kubwa ya mwaka mto wenyewe ni njia tu, mchanga mweupe na nyayo za watu, mbuzi na nyani. Baba yako alikwenda kwa zamu, kwangu kisha kwake, kwake kisha kwangu, kama sheria inavyotaka. Nilizijua nyayo zake mchangani kuliko mwandiko wake.

Masika ya kwanza baada ya arusi ile, maji yalishuka yeye akiwa ng'ambo. Zamu yangu ikafika, ikapita, nyingine ikafika. Nauona moshi wa jiko la mwenzangu, mume simwoni. Maji yalipopungua akavuka, suruali kaikunja magotini, anacheka kwa aibu. Nikamwambia, "Karibu. Sasa nilipe zamu zangu."

"Mke wangu, ni maji, si mie," akasema.

"Maji hayakuoa. Umeoa wewe."

Tukafika mpaka kwa mwalimu wa msikitini. Mwalimu alijikuna ndevu muda mrefu, maana kesi kama ile nadhani hakuisoma popote, kisha akasema alichokizuia Mungu hakina deni. Nikatoka pale nimemkasirikia mwalimu na mto kwa pamoja. Lakini vuli iliyofuata maji yalimkuta kwangu. Lo! Nilipika kama ni Idi. Kila asubuhi nilikwenda ukingoni kutazama, nikikuta maji bado mengi narudi naimba. Wenzangu wakiomba mvua ya mahindi, mimi nikiomba mvua ya mume.

Basi nikaanza kuusoma mto. Watu husoma mto ili walime au wavue. Mimi niliusoma nijue mume wangu atalala wapi. Nilijua mawingu ya Handeni yakikaa rangi gani maji hushuka, na yakikaa rangi gani ni kelele tu. Nilijua kwamba nyani wakiacha kufukua mchanga kutafuta maji, wakapanda juu ya ukingo na kutulia, basi wamesikia ambacho sisi hatujakisikia. Nilijua maji ya kwanza huja meusi, yana povu na majani ya kiangazi kizima na harufu ya vilivyooza, na kwamba hayo hayanywewi, wangoja yanayofuata. Nilijua yakifika kule Ushongo bahari hugeuka rangi ya chai, wageni wa hotelini wakanuna, wavuvi wakafurahi kwa kuwa kamba wamesogea. Haya yote niliyajua wakati yule wa ng'ambo hajui hata kisima cha mchangani kinafukuliwa wapi. Aliyemwonyesha ni mimi. Hili hukulisema siku ile mbele ya mgeni rasmi, na sikulaumu, kwa kuwa hukuwapo. Ila lijue.

Sasa nije kwenye dirisha. Kisa chake umekisikia, kila mtu hapa anakijua, na wanawake wa kisimani wamenitania nacho miaka yote hii. Lakini umekisikia kwao. Kwangu hujakisikia.

Ukingo huu ninapoandikia ulikuwa na kichaka kizito: matete, miba, mitambaazi, na mkuyu mmoja mzee ulioinama mtoni. Shina lake lilikuwa refu, likafika karibu na ukingo wa pili, na maji yakija, wenye roho ngumu walikuwa wakipita juu yake; baba yako hakuwa mmoja wao. Chini ya mizizi yake palikuwa na dimbwi lisilokauka hata kiangazi kikiwa kikali vipi. Mto mzima umekwenda chini ya mchanga, lile dimbwi lipo, kambare wamejazana humo migongo nje, ndege wamejipanga, nyuki wanakunywa pembeni. Dimbwi lilikuwa upande wangu. Yule wa ng'ambo ndiye aliyekuwa akija kwangu na ndoo, ananiamkia, anangoja nimruhusu. Raha ile nisikufiche, niliionea utamu.

Kilichonikera ni kichaka. Jioni nilikuwa nasikia kicheko cha baba yako kikitoka ng'ambo, nisione anachekea nini. Kusikia bila kuona ni adhabu. Mtu anacheka, wewe unabaki kutunga mwenyewe sababu, na kila sababu unayoitunga ni mbaya kuliko iliyotangulia. Nikamwambia baba yako hapa kuna nyoka. Nyoka walikuwapo, sikusema uongo, lakini walikuwapo tangu naolewa na hatukuwahi kukosana. Nikashika panga. Nilifyeka matete, nikayang'oa na mizizi yake yasije yakaota tena, yaliyobaki nikayatia moto. Mkuyu sikuthubutu kuukata, ila moto uliurukia ukauunguza shina upande mmoja. Nikasema utapona.

Jioni ile nikaweka kigoda barazani, nikaona mpaka mlangoni kwa mwenzangu. Na unajua nilichokiona, baada ya jasho lote lile? Baba yako amekalia mbuzi, anakuna nazi. Peke yake, kimya, anakuna nazi. Kwangu mimi, tangu anioe, hajui mbuzi inakaliwa upande gani.

Wanawake wakaliita pengo lile dirisha la Bi Mkubwa. "Jamani, dirishani leo kuna habari gani?" wakiniuliza kisimani, wakaangua kicheko. Nami nikalitumia kweli. Nilinunua leso Tanga mjini imeandikwa ULIPO NILITANGULIA, nikaianika pale ukingoni, maandishi yameelekea ng'ambo. Ikakaa juani mpaka ikapauka. Siku moja yule wa ng'ambo akaja kuteka maji, akaishika upindo, akasema, "Nzuri, dada. Umeinunua duka gani?" Mpaka leo sijui alikuwa ananicheza shere au aliipenda kweli. Hilo nalo limenitesa.

Masika yalipofika, mto ukashuka. Wewe unakwenda kuyasoma haya vitabuni, mimi niliyasoma kwa jiko langu. Mto usiopita kila siku ukija huja wote mara moja, na kilichokuwa kinaushika mkono usitupige ni matete yale na mizizi ile. Ulipofika penye uwazi ukaingia. Usiku kucha tulisikia udongo ukianguka, pwaa, kimya, pwaa. Asubuhi jiko langu la makuti halipo, na mkuyu mzee umelala kifudifudi majini, unaburutwa kwenda baharini. Maji yalipokwisha, dimbwi langu lilikuwa limejaa mchanga tangu chini hadi juu, hata kambare mmoja hakubaki. Na mto ukachimba dimbwi jipya wapi? Upande wa pili, chini ya mikuyu ya mwenzangu, ambayo hakuna aliyekuwa na wivu wa kuikata. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilifukia changu, nikaingia cha mwenzangu.

Kiangazi kile nilichukua ndoo, nikavuka mchanga, nikapiga hodi kwa mke mwenzangu kuomba maji. Akatoka, akaniona, akasema, "Karibu, dada. Maji hayana mwenyewe." Angenitukana ningepona siku ileile. Wema wake nikaubeba na ndoo, na ndoo ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Wewe ulikuwa mdogo, nimekushika mkono. Mimi nikiteka, wewe ukichungulia. Ulilala kifudifudi kwenye mizizi ya mikuyu ile ukawatazama kambare mpaka mate yakakutoka. Nikisema twende, hutaki. Nikikuvuta, unalia. Yeye ana watoto wa kiume watupu, wamekua, wamekwenda zao, msichana hakujaliwa. Akasema, "Mwache, dada, nitamleta jua likipoa." Nikakuacha. Siku ya pili nikakuacha. Siku nyingine hukungoja kushikwa mkono, uliamka ukavuka peke yako, na nyayo nilizozoea kuziangalia mchangani zikawa ndogo.

Unalikumbuka kopo la tope? Nalikumbuka kuliko wewe. Dimbwi dogo la kule juu lilikuwa limekauka, tope limepasukapasuka, nawe ukaja na kopo la maziwa umelijaza vipande vya tope kavu, ukaliweka chini ya kitanda. Nikakuuliza nini hii. Ukasema, "Mayai." Nikakwambia tope ni tope, nikalimwaga jaani, nikafagia. Ulilia siku nzima. Kumbe ulikwenda ukachukua jingine, ukaliweka ng'ambo. Mvua ya vuli ilipogonga bati kwa mara ya kwanza, mkaingiza maji ya mvua koponi, na kesho yake vikawamo vitu vidogo kama kope, vinacheza. Ni wale samaki wekundu wa madimbwi ya mvua, ambao sisi wazee wako tukiapa kwamba wanaanguka na mvua kutoka juu. Kiangazi chote walikuwa ndani ya tope, mayai, wanangoja.

Niliwaona. Nilikuwa na dirisha langu, niliwaona mmeinamia kopo, vichwa vimegusana, na kile kicheko chenu kikavuka kikaja mpaka kwangu. Sikuitwa. Wala sikustahili kuitwa, kwa kuwa la kwangu nililimwaga. Lakini wivu hauulizi nani mwenye haki. Nilichukua fagio nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimewahi kuhesabu moyoni vitu nilivyovifagia maishani kwa kuona havina kitu ndani, nikaacha, maana sikuipenda hesabu yenyewe.

Halafu baba yako akafariki. Sikuwahi kulizungumza nawe, na wewe hukuwahi kuniuliza. Alifariki masika, zamu ikiwa ya ng'ambo, nawe ulikuwa umelala kule kwa sababu maji yalikukuta huko. Nilisikia kilio alfajiri. Nikakimbia ukingoni. Mkuyu wa kuvukia haupo, na ukingo ulikuwa umelika hata mto pale kwetu ukawa mpana kuliko mahali pote. Vijana walitaka kunivusha kwa kamba, wazee wakakataa, wakasema leo hatuziki wawili. Na maiti hacheleweshwi.

Nikakaa dirishani kwangu. Nilitaka kuona, basi niliona. Niliona maji ya kuoshea yanaingizwa. Niliona jeneza linatoka, watu wanapokezana mabegani. Nilikuona wewe umesimama mlangoni, umefunikwa leso moja na yeye, amekushika kichwa kifuani pake. Nilikuita. Nilikuita jina lako mpaka sauti ikakatika, na wewe hukugeuka, kwa kuwa maji yalikuwa yanapiga kelele kuliko mimi. Wivu wangu wote wa mume uliishia pale, mwanangu. Wa kwako ndipo ulipoanza hasa.

Maji yalipopungua nilikuwa ndani nimekaa eda, yeye ndani kwake amekaa ya kwake. Ukawa wewe ndiye unayevuka, chakula chake unaniletea, changu unampelekea. Sikumtumia salamu hata moja ya asante. Yeye alinitumia nyingi, nawe kwa hekima yako ya kitoto ulimrudishia majibu ambayo sikuyatoa. Najua, kwa sababu siku moja alinishukuru kwa dua niliyomwombea, na mimi sikuwa nimemwombea kitu.

Hayo ndiyo yangu. Sasa unakwenda kwenye chuo cha watu wanaojua mito. Uliniambia kwenye ramani wetu umechorwa kwa vistari vilivyokatikakatika, na kwamba wapo wasiouhesabu kuwa ni mto. Kama wale wenye malori wanaokuja kuchota mchanga, wanauita korongo, wanasema hapa hakuna kitu. Wewe unawajibu vizuri, nimekusikia. Mimi ningewajibu kwa jambo moja tu: nilidhani kichaka changu hakina kitu.

Ukija kumpenda mtu, mwachie kichaka chake. Usifyeke ili uone. Utakachokiona ni mtu anakuna nazi, na utakachokipoteza hutakijua mpaka maji yaje.

Sikwambii kwamba wivu umenitoka. Umekwenda chini kama mto unavyokwenda; fukua kidogo tu, utaukuta, tena wa baridi. Nina wivu na msichana utakayelala naye chumba kimoja huko Iringa. Nina wivu na walimu wako. Nasikia huko bara kuna mito inayopita mwaka mzima, mchana na usiku, haimchoshi mtu kuingojea. Itakupendeza. Nina wivu nayo pia.

Na nina wivu na haya matete. Uliyapanda wewe na yeye, kila vuli, mkikata vipande upande wake mkavishindilia kwenye pengo langu, pamoja na vile vijiti vya mkuyu ambavyo niliapa havitashika. Vimeshika. Mimi niliwaangalia tu, mikono kiunoni, nikasema mnapoteza muda. Sasa udongo hauanguki tena, mchanga umeanza kushuka kutoka kwenye dimbwi langu la zamani, na mwaka huu niliona kambare wawili humo, sikumwambia mtu. Lakini dirisha linazibika. Ndiyo maana nasimama. Mwakani hata nikisimama sitaona kitu.

Nitakwambia na hili, kwa kuwa ni la leo. Ulipokwisha kuvuka nilichukua panga. Nilisema nitakata kidogo tu, kiasi cha uso, nikuone kesho alfajiri ukipanda gari. Nilishika shina la tete kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa na maji ndani, wakati mto mzima hauna tone juu. Nikasimama pale na panga langu kama mwehu, nikajiuliza: mama wee, mtoto yuko palee, mchanga mkavu, miguu unayo. Kama unataka kumwona, si uvuke?

Nikarudisha panga. Ndipo nikakaa kuandika, kwa sababu kuvuka papo hapo kulinishinda. Ilibidi kwanza niyaweke maneno haya karatasini. Wakati naandika umekwisha kusukwa. Amekusuka vizuri, sitasema uongo, mistari imenyooka. Ungesukwa na mimi ingekuwa mikubwa kidogo, na ingedumu zaidi.

Upepo umegeuka sasa hivi, unanuka udongo uliolowa. Nyani wamepanda juu ya ukingo, wametulia. Nina muda mpaka karibu na magharibi, si zaidi, na huo naujua kuliko Mwantumu. Umeona? Kalamu imelitaja.

Kuku nimewafungia, nimewawekea pumba na maji. Kicheche na aje, shauri yake. Mkeka wangu nimeukunja, na nazi mbili nimezichukua, nisifike mikono mitupu; atazikuna yeye, nyumba ni yake. Barua hii nitakutia mkononi mwenyewe. Ifungue ukiwa kwenye gari, usiisome mbele yake, wala usimsomee kwa simu hata akikubembeleza.

Salamu za mwisho sina, maana naja. Kitanda chake ni kipana, tutalala watatu, wewe katikati, kwa haki, asije mtu akadai zamu. Lakini ukishapitiwa na usingizi nitakugeuza polepole uso uelekee kwangu. Kwa hiyo garini shingo ikikuuma, usitafute dawa. Ni mkono wa mama yako.